Ufunguo wa Kabati la Dawa

Barua iliyotufikia kutoka kwa mama mmoja wa Jinja imetulazimisha kuiweka kando mada ya mboga za msimu tuliyokuwa tumeiandaa kwa ukurasa huu. Mama huyo aeleza kwamba binti yake, ambaye ni muuguzi, ameajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Kazi yenyewe binti aipenda na wazee wamemzoea, lakini liko jambo linalomuudhi. Kila achukuapo kidonge kabatini hana budi kutia saini. Kila zamu ibadilikapo dawa huhesabiwa mbele ya watu wawili. Na juu ya mlango wa chumba cha dawa imefungwa kamera ambayo humtazama usiku kucha. Mama auliza kama mwanawe alikwenda huko kuwa muuguzi au kuwa mshukiwa.

Swali hilo ni la haki, na wengi miongoni mwa wasomaji wetu wana watoto, wadogo zao au wakwe wao katika kazi za namna hiyo huko Uingereza, Marekani na Kanada. Tutalijibu kwa kirefu, kisha tutarudi nyumbani kwetu, kwa maana kabati la dawa halina budi kuwako popote alipo mzee mgonjwa.

Katika jimbo hilo hilo la Ontario uko mji uitwao Woodstock. Katika nyumba moja ya wazee mjini humo alifanya kazi, tangu mwaka 2007, muuguzi jina lake Elizabeth Wettlaufer. Huyu hakuwa mwizi aliyevunja dirisha, wala mgeni aliyejipenyeza. Alikuwa muuguzi aliyesajiliwa, na katika zamu za jioni na usiku yeye ndiye aliyekuwa mshika ufunguo. Kati ya mwaka 2007 na 2014 aliwaua wazee saba wa nyumba hiyo kwa kuwadunga insulini kupita kiasi. Mzee wa nane alimwua mwaka 2014 katika nyumba nyingine, katika mji wa London wa huko huko Kanada. Wengine sita aliwadunga kwa nia ya kuwaua au kuwadhuru, nao wakaokoka na sindano zake. Tarehe 26 Juni 2017 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha.

Msomaji atauliza ni nani aliyemgundua. Hakuna. Mwezi wa Septemba 2016 alikwenda mwenyewe katika hospitali moja ya Toronto, akaeleza yote aliyoyatenda. Serikali ya jimbo iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Eileen Gillese, na katika ripoti yake ya tarehe 31 Julai 2019 jaji huyo aliandika bayana kwamba lau muuguzi asingalikiri, makosa yake yasingalijulikana. Miaka tisa ilikuwa imepita. Madaktari walikuwa wamekuja na kwenda, wakaguzi walikuwa wamepita, jamaa walikuwa wamezika na kuomboleza, na kila mmoja aliamini kwamba wazee wale walikufa kwa uzee.

Yafaa tujiulize ni kwa nini alitumia insulini, kwa kuwa hapo ndipo lilipo fundisho kwa kila mwenye kuweka dawa. Sheria ya Ontario iliamuru kwamba dawa kali za kutuliza maumivu, zile za jamii ya morfini, zifungiwe kwa kufuli mbili na kuhesabiwa kila siku. Kidonge kimoja kikipungua, swali huulizwa siku ile ile. Insulini haikuwamo katika kundi hilo. Ilikaa katika jokofu la chumba cha dawa kama dawa nyingine ya kawaida, kwa sababu wenye kisukari huihitaji kila siku na hakuna aliyeidhania kuwa silaha. Tena ile kalamu ya kudungia ina dozi nyingi ndani yake, hivyo si rahisi kujua jioni ni kiasi gani kilichotoka tangu asubuhi. Zaidi ya hayo, sukari ya damu ikishuka mno mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, kisha huzimia. Kwa kijana mtu angepiga mbio kumwita daktari. Kwa mzee wa miaka 85 aliyekwisha kuwa dhaifu, watu husema siku zake zimetimia.

Basi mlango ulifungwa na kabati lilifungwa, na hayo hayakusaidia kitu. Kufuli humzuia asiye na ufunguo; aliye nao halimhusu. Ndiyo maana tume ile, katika mapendekezo yake 91, haikuishia kwenye kufuli. Ilitaka vyumba vya dawa viwekwe vioo ili anayeingia humo aonekane na wapitao. Ilitaka kamera, na makabati ya mashine yanayoandika yenyewe ni nani aliyefungua, saa ngapi, na alichukua nini. Ilitaka wafamasia washiriki zaidi katika kazi za nyumba hizo. Nayo ilipendekeza kwamba kila nyumba, kwa kadiri ya ukubwa wake, ipewe na serikali kati ya dola za Kanada 50,000 na 200,000 kwa ajili ya mambo hayo. Tume haikumtwika lawama mkuu wa nyumba mmoja au mkaguzi mmoja. Ilisema udhaifu ulikuwa katika utaratibu mzima.

Na udhaifu huo ulikuwa na sura nyingi. Mwezi wa Machi 2014 muuguzi yule alifukuzwa katika nyumba ya Woodstock kwa kosa zito la dawa. Shauri la kufukuzwa kwake likasuluhishwa, naye akaondoka na barua ya kumsifu, ambayo ilimfaa sana alipotafuta kazi mahali pengine. Hapa twaona jinsi daftari lisilosomwa na mtu lisivyo na faida. Makosa yake yalikuwa yameandikwa, moja baada ya jingine, lakini hakuna aliyeyaweka pamoja na kuyatazama.

Kwa hiyo tungependa mama wa Jinja amwandikie binti yake kwamba saini ile si tusi. Kwanza yamlinda mzee ambaye hawezi kujilinda. Pili yamlinda binti mwenyewe. Vidonge kumi vikipotea katika nyumba isiyo na hesabu, wote waliokuwamo zamuni huwa wezi kwa pamoja, na mara nyingi mgeni kutoka mbali ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Palipo na hesabu iliyotiwa saini na watu wawili saa moja jioni na tena saa moja asubuhi, mtu asiye na hatia ana ushahidi wake mkononi. Ila na asikubali kamwe kutia saini ya pili kwa hesabu ambayo hakuiona kwa macho yake, hata akiombwa na mkubwa wake, hata usiku ukiwa umekwenda na miguu imechoka.

Tumekwisha kumtaja muuaji. Sasa tumwache, maana watu wa namna yake ni wachache mno. Wazee wengi zaidi hudhuriwa na mikono myema. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika nyumba 55 za wazee nchini Uingereza. Wataalamu walichunguza dawa za wazee 256. Kila mzee, kwa wastani, alikuwa akitumia dawa 8, na wazee 178, yaani takriban saba katika kila kumi, walikutwa na angalau kosa moja katika dawa zao. Makosa mengine yalitoka kwa daktari aliyeandika, mengine kwa mfamasia aliyefungasha, na mengine kwa mtu aliyegawa. Makosa mengi hayakuleta madhara makubwa. Lakini hesabu yenyewe yatisha, hasa tukikumbuka kwamba nyumba yenye wazee 30, kila mmoja akiwa na dawa 8, ina dawa 240 za kugawa kwa siku hata kama kila dawa yatolewa mara moja tu.

Mtazame mgawaji wa dawa asubuhi. Anasukuma kigari chake ukumbini. Simu inalia, naye ndiye aliye karibu. Mzee mmoja ameanguka msalani. Jamaa wa mwingine amekuja na maswali yake. Akirudi kwenye kigari hakumbuki kama kikombe kilichoko mkononi ni cha bibi wa chumba cha nne au cha tano. Hapo ndipo kosa lizaliwapo, wala hapahitaji nia mbaya. Nyumba zenye busara humwacha mgawaji afanye kazi hiyo moja bila kukatizwa, na wenzake wote hujua kwamba mtu aliye na kigari cha dawa hasemeshwi. Kigari nacho hakiachwi wazi ukumbini hata kwa dakika moja, kwa sababu mzee mwenye maradhi ya usahaulifu aweza kuvitwaa vidonge vyenye rangi nzuri akavila kama peremende.

Utaratibu wa kugawa si mgumu kuueleza, ingawa ni mgumu kuushika kila siku. Mgawaji ahakikishe ni mzee yule hasa, kwa jina na kwa picha iliyobandikwa katika karatasi yake. Ni dawa ile. Ni kipimo kile. Ni njia ile ya kuitoa. Na ni saa ile. Dawa itolewe katika pakiti yake mbele ya mzee, isipangwe katika vikombe tangu jioni ili kuharakisha kazi ya kesho. Kisha mgawaji angoje mpaka mzee ameze, ndipo atie saini. Wengi hutia saini kwanza, na kidonge hubaki kimefichwa shavuni au chini ya mto. Mzee akikataa, iandikwe kwamba alikataa. Mahali palipoachwa wazi katika karatasi ni hatari kama kosa lenyewe, kwa sababu mwenye zamu ifuatayo hajui kama dawa ilitolewa au la, naye aweza kuitoa mara ya pili.

Ziko dawa zinazohitaji macho zaidi. Methotreksati, ambayo hutumiwa katika baridi yabisi ya viungo, humezwa mara moja tu kwa juma. Wako watu waliokufa kwa kupewa kila siku. Warfarini ya kuzuia damu kuganda hubadilishwa kipimo kulingana na majibu ya damu, na karatasi ya mwezi uliopita haifai tena. Viko vidonge vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole mchana kutwa. Hivyo havisagwi, maana ukivisaga mzee hupata kwa dakika chache dawa iliyokusudiwa kwa saa ishirini na nne. Kwa mzee asiyeweza kumeza, aulizwe mfamasia kama iko dawa ya maji badala yake. Kuficha dawa katika uji bila ya yeye kujua ni jambo jingine kabisa. Uamuzi huo si wa mtu mmoja jikoni, bali wa daktari pamoja na jamaa, tena uandikwe, na ufanywe kwa mzee ambaye kweli akili yake haiwezi tena kuamua. Mzee mwenye akili zake timamu ana haki ya kukataa dawa, hata kama twaona anakosea.

Kuhusu mahali penyewe pa kuwekea, kabati liwe mbali na jiko na mbali na bafu, kwa sababu joto na mvuke huharibu vidonge. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika jokofu la nyuzi 2 mpaka 8, wala isigande, ikigandishwa hutupwa. Jokofu liwe la dawa peke yake, lisilo na maziwa wala mabaki ya chakula, lifungwe kwa ufunguo, na kipimajoto kisomwe kila siku na kuandikwa. Kalamu iliyokwisha kufunguliwa huandikwa tarehe ya kufunguliwa, kwa kuwa nyingi hazitumiwi zaidi ya siku 28. Uingereza ilitunga tangu mwaka 1973 kanuni za kutunza dawa kali katika kabati la chuma lililokazwa ukutani, lisiloweza kubebwa likachukuliwa. Marekani, kanuni za nyumba zinazolipwa na serikali zataka mfamasia apitie dawa za kila mzee angalau mara moja kwa mwezi, na kiwango cha makosa ya ugawaji kisifikie asilimia 5.

Usimamizi huo lakini usigeuke kuwa unyang'anyi. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2014 kwa nyumba za wazee unataka kila mzee ahesabiwe kuwa aweza kutunza dawa zake mwenyewe, mpaka ionekane baada ya kupimwa kwamba hawezi. Huyo hupewa mtoto wa meza wenye kufuli chumbani mwake. Mzee aliyeendesha shamba na kulea watoto tisa hana sababu ya kuombea kidonge chake cha shinikizo la damu kama mtoto wa shule.

Jambo la mwisho kwa upande wa huko ni la dawa za kutuliza. Mzee mwenye usahaulifu hupiga kelele, hutembea usiku, humgombeza muuguzi. Ziko dawa za wagonjwa wa akili zitakazomlaza kimya kitini mchana kutwa, na wafanyakazi wakiwa wachache kishawishi ni kikubwa. Mwezi wa Aprili 2005 idara ya dawa ya serikali ya Marekani ilitoa onyo zito juu ya matumizi hayo. Katika majaribio yaliyokusanywa, ambayo mengi yalichukua kama majuma kumi, wazee wenye usahaulifu waliopewa dawa hizo walikufa kwa kiasi cha asilimia 4.5, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa ni asilimia 2.6. Kabati laweza kuwa limefungwa vizuri na saini zote zipo, na bado mzee akadhurika kwa dawa aliyopewa kwa ajili ya raha ya wengine. Jamaa akimkuta mzee wake amesinzia kila anapomzuru, na aombe kuonyeshwa karatasi ya dawa.

Sasa turudi kwetu. Nyumba za wazee nchini ni chache. Wengi wamesikia habari za ile ya Nalukolongo, Kampala, ambayo Papa Francis aliizuru mwezi wa Novemba 2015. Wazee wetu walio wengi wamo majumbani, na kabati lao la dawa ni mkebe wa biskuti au mfuko wa plastiki chini ya mto. Humo utakuta vidonge vya shinikizo la damu, vya kisukari, vya maumivu, vingine vya marehemu babu, na vingine vilivyotolewa katika pakiti na kuchanganyika hata hakuna ajuaye ni vya nini. Mgawaji ni mjukuu wa darasa la tano, au ni yeyote aliyeko.

Hatusemi watu wanunue kabati la chuma. Sanduku dogo lenye kufuli, likiwekwa juu mahali pasipofikiwa na watoto na pasipo na jua, latosha. Kila dawa ibaki katika pakiti yake. Daftari la shule la kurasa chache lichorwe mistari: tarehe, saa, dawa, kipimo, na jina la aliyetoa. Mtu mzima mmoja awe mwenye kutoa, na mwingine, yeye asiyetoa, ahesabu vidonge kila Jumapili na kulinganisha na daftari. Huyu wa pili ndiye ambaye nyumba nyingi humsahau, kwa kudhani kwamba kumwekea binti au mkwe mtu wa kuhesabu ni kumvunjia heshima. Nasi twaona heshima haivunjiki ikiwa jambo limekubaliwa tangu mwanzo mbele ya mzee mwenyewe. Daftari hilo, pamoja na dawa za miti shamba anazotumia jaja, lipelekwe kila aendapo kliniki. Daktari asiyejua anachokunywa nyumbani aweza kumwongezea kitu kisichopatana nacho.

Na mzee akifariki, dawa zake zisigawiwe majirani siku ya matanga, kama tuonavyo mara nyingi ikifanywa kwa nia njema. Katika nyumba za wazee za Uingereza dawa za marehemu huhesabiwa, hufungiwa peke yake, na kuwekwa kwa siku saba kabla ya kurudishwa kwa mfamasia, endapo mpelelezi wa vifo atazihitaji. Kwetu zipelekwe katika zahanati au duka la dawa lililo karibu. Zisitupwe chooni wala karibu na kisima, na pakiti zenye jina la marehemu zichanwe. Sindano zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, nazo zipelekwe huko huko.